Uongee kama Mzungu ndani ya siku 30? Mwenzenu yalinikuta!

  Wiki hii vuta kiti ukae, maana nina la kukusimulia. Tena ni la kwangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Hebu nikuulize. Umeshawahi kuyasoma yale matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme? Si unayajua? Juu kuna mganga anayerudisha mpenzi aliyekimbia, chini kuna dalali wa vyumba, halafu katikati hapo kuna karatasi ina herufi kubwa: "ONGEA KIINGEREZA KAMA MZUNGU NDANI YA SIKU 30". Na namba ya simu. Wenye akili zao wanapita tu. Mimi niliipiga ile namba.

Usinicheke bwana. Ukijua kilichonipeleka utanionea huruma.

Ilikuwa mwaka 2022. Niliomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya katikati ya jiji. Barua ya maombi aliniandikia kijana wa stesheneri, Kiingereza kimenyooka kama rula. Siku ya tatu simu ikalia. Mama wa upande wa pili akaanza kumwaga ung'eng'e, mimi moyo unanidunda kama ngoma ya mdundiko. Nikawa najibu "yes, yes, thank you" kama kasuku. Katika maneno yote yale niliambulia mawili: "tomorrow" na "eight".

Eight si ni nane? Nikamwambia mama yangu kwamba kesho saa nane naitwa kwenye usaili.

Mama yangu anauza vitumbua Mtoni kwa Aziz Ali. Anaamka saa tisa za usiku, na ukimwona mikono yake utajua ni kazi ya miaka mingapi. Wiki ile zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Akakata hela ya viatu, akakata ya nywele, akanipa na nauli. Kesho yake saa saba na nusu mchana nipo getini, nimependeza kama bi harusi.

Dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma. "Dada yangu, usaili ulikuwa saa mbili asubuhi. Umekwisha tangu saa tano. Kwani hukuambiwa eight o'clock?"

Msomaji wangu, nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Wenzetu wanaanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane, sisi Waswahili tunaanza tangu kupambazuka. Saa yao ukitoa sita ndiyo yetu. Eight ya asubuhi kwao ni saa mbili kwetu. Na hili si kwamba nilikuwa silijui! Nililisoma tangu kidato cha kwanza. Ila siku ile kwenye simu niliona aibu kusema jambo dogo sana: "Samahani, sijasikia vizuri, rudia tafadhali." Hilo tu. Aibu hiyo ndiyo iliyoninyima kazi.

Nilirudi nyumbani viatu mkononi. Mama hakunigombeza. Usiku wakati anachambua mchele wa vitumbua akasema, "Mwanangu, viatu vitachakaa. Hiyo hela iliyobaki usinirudishie, kakitafute hicho Kiingereza."

Ndiyo maana nasema, usinicheke. Ile ilikuwa hela ya vitumbua.

TICHA WA PUANI

Basi nikatinga Kariakoo, ghorofa ya pili, chumba kina feni moja na watu thelathini na kitu. Wengi wetu watu wazima kabisa: kuna dereva, kuna mama wa duka la vitenge, kuna baba mmoja mwenye mvi anayetaka kumfuata mwanawe ughaibuni. Ada elfu arobaini kwa mwezi, kulipa kwanza.

Ticha akaingia. Miwani ya jua ndani ya nyumba, anatafuna bazoka, na Kiingereza chake kinatokea puani. Wallahi nilidhani niko Chicago. Tukasisimka wote. Nikajisemea hapa ndipo penyewe, huyu akinifundisha miezi miwili nitakuwa natangaza CNN.

Sheria yake ya kwanza: marufuku Kiswahili. Ukisema neno moja la Kiswahili, faini shilingi mia tano. Ilinikumbusha sekondari tulivyokuwa tunavishwa kibao shingoni tukikamatwa tunaongea lugha ya mama zetu. Unajua kilichotokea? Darasa zima lilinyamaza kimya. Nani atoe mia tano yake? Mama wa vitenge, ambaye dukani kwake haachi kuongea, hakusema neno wiki tatu. Ticha ndiye aliyekuwa anaongea. Saa mbili za kipindi, saa moja na dakika hamsini ni yeye.

Na alichokuwa anatufundisha sasa! Misemo. Tuliandika daftari zima. Kuna ule unaosema mvua inanyesha paka na mbwa. Nikaenda kumsomea mama. Mama akaniuliza, "Paka na mbwa wa wapi? Mvua ikinyesha hapa si Jangwani inajaa maji?" Nikakosa jibu. Mwezi ulipoisha nilikuwa namwelewa ticha vizuri tu, lakini mimi mwenyewe kujieleza jina na kazi ninayotaka, nachemsha.

Nimekuja kugundua baadaye kwamba tulikuwa tunalipia kiingilio cha kumtazama mtu akiongea. Ni sawa na kulipia kumtazama mtu akila pilau, ukarudi nyumbani na njaa yako.

Kuhusu zile siku 30, ngoja nikupe hesabu, nawe uitumie siku nyingine. Kuna mpango wa madaraja ya lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, una ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. A1 ndiye anayeanza, C2 ndiye aliyebobea. Sasa Cambridge, wale wanaotunga mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kwamba mtu anayeanza sifuri anahitaji kufundishwa kama saa 180 hadi 200 kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na saa 500 hadi 600 kufika B2, pale ambapo unaweza kufanya kazi kwa lugha hiyo bila kutokwa jasho. Chukua kalamu. Siku 30 mara saa mbili kila siku, hata Jumapili usipumzike, ni saa 60. Saa 60! Hata A2 hujaiona. Basi anayekuahidi kuongea kama Mzungu kwa siku 30 hana tofauti na jirani yake pale kwenye nguzo, yule anayerudisha mpenzi.

MZUNGU MWENYEWE

Nikasema kumbe kosa langu nilikwenda kwa Mzungu wa kuigiza, ngoja nimtafute Mzungu halisi. Nikapata. Kijana mmoja alikuja kutembea nchini, akawa anafundisha watu wazima jioni ili apate hela ya kula. Mtoto wa watu mpole, hana makuu, na hakututoza faini.

Tatizo likaja kwenye kuuliza. Nikamuuliza, kwa nini hapa wanasema hivi na pale wanasema vile? Anakuna kichwa, anacheka, anasema ndivyo inavyosikika vizuri. Kwake yeye inasikika vizuri, sawa. Kwangu mimi je?

Nilimkasirikia, lakini baadaye nikajiuliza mwenyewe. Mimi na wewe Kiswahili tumezaliwa nacho. Akija mgeni akuulize, kwa nini mnasema "kitabu kimepotea" lakini "kiongozi amepotea", wakati yote yameanza na "ki", utamjibu nini hapo hapo? Si na wewe utakuna kichwa? Kuijua lugha ni jambo moja, kuifundisha ni jambo jingine. Ingekuwa kuzaliwa nayo kunatosha, kila mtoto wa Tanga angekuwa profesa wa Kiswahili.

Wapo Wazungu waliosomea kazi ya kufundisha, na hao ni walimu kweli kweli. Huyu wetu hakusomea, na wala hakutudanganya kwamba amesomea. Sisi ndio tuliotazama rangi. Wiki ya nne akatuaga, anakwenda kupanda Kilimanjaro, akitoka huko anakwenda Zanzibar, halafu ndege. Tukabaki tunapunga mikono.

MWALIMU WA USIKU

Huyu wa tatu sitamwongelea sana, ila dada zangu wanisikie. Alikuwa anafundisha mtu mmoja mmoja, bei poa. Wiki ya kwanza tulikuwa sebuleni kwao, mlango wazi. Wiki ya pili akasema kuna kelele. Wiki ya tatu akanitumia ujumbe kwamba nina kipaji, nije saa tatu usiku anipe masomo ya ziada, tena bure.

Mimi ni mtoto wa Temeke, sikuhitaji kamusi kuutafsiri ujumbe ule. Nikaingia mitini na hela yangu ya nusu mwezi ikabaki kwake. Iliniuma, lakini bora hela. Kama mwalimu ni wa peke yenu, someeni barazani au mahali penye watu, mchana kweupe. Mwalimu wa kweli hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu.

MAMA WA BARAZANI

Hapo nilikuwa nimebakiwa na elfu ishirini za upatu, na aibu ya kumwambia mama kwamba Kiingereza bado sijakiona. Shoga yangu mmoja akaniambia kuna mwalimu mstaafu Keko, anafundisha barazani kwake, watu sita tu kwa zamu, elfu kumi na tano kwa mwezi. Nikaenda shingo upande. Bei hiyo? Barazani? Hakuna hata ubao wa maana!

Nikamkuta mama mtu mzima, kanga mbili, anapeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Karibu kigoda." Nikasubiri aanze kumwaga yai. Wapi! Akaniuliza kwa Kiswahili kitupu: "Unataka Kiingereza cha kufanyia nini?"

Nikababaika. Walimu watatu na hela zote zile, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema nataka kujua Kiingereza. Akasema, "Hilo si jibu. Mwenye duka anataka cha kuagizia mzigo. Anayekwenda kusoma nje anataka cha kufanyia mtihani, na huyo mimi nitamwelekeza kwa mwenzangu anayeijua mitihani hiyo. Wewe je?" Ndipo nikamsimulia habari ya eight o'clock. Nilipofika kwenye viatu nikaanza kulia.

Hakunibembeleza sana. Akaniambia nimsimulie tena habari hiyo hiyo, safari hii kwa Kiingereza. Nikajikongoja dakika kama kumi, nachapia kila sentensi. Hakunikatisha hata mara moja. Alikuwa anaandika tu kwenye karatasi. Nilipomaliza akaniambia, "Makosa yako ni mengi, lakini leo nakupa matatu tu. Mengine yapo, hayaendi popote."

La kwanza, yule dada wa mapokezi nilikuwa namwita "he". Akasema ni kosa la Waswahili karibu wote, kwa sababu "yeye" yetu haiulizi mwanamume au mwanamke. Hivyo kila unapotaka kusema "yeye", simama kidogo, mwone mtu kichwani kwako, ndipo useme.

La pili, nilisema nilisikia harufu ya chakula cha hoteli, nikatumia "hear". Kiswahili tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, kila kitu tunakisikia. Mwingereza masikio yake ni ya sauti tu.

La tatu ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nasema "sink" badala ya "think" na "zis" badala ya "this". Akaniambia, "Sema thelathini." Nikasema. "Sema dhahabu." Nikasema. "Basi ulimi wa thelathini ndio wa 'think', na ulimi wa dhahabu ndio wa 'this'. Unavyo tangu utotoni, nani amekudanganya kwamba huna?"

Msomaji, ticha wa puani mwezi mzima alituambia tung'ate ulimi, tunarusha mate tu. Huyu mama kwa maneno mawili ya Kiswahili akanifungua. Ndipo nilipoelewa kwa nini kulipiga faini Kiswahili ni kulipiga faini daraja unalovukia. Mtu mzima haanzi sifuri kama mtoto mchanga. Anakuja na lugha yake kichwani, na mwalimu mzuri anajua lugha hiyo itakusaidia wapi na itakukwamisha wapi.

Darasani kwake sisi ndio tuliokuwa tunaongea. Leo wewe mgeni, yeye mapokezi. Kesho mnabadilishana. Alichora saa mbili ukutani kwa mkaa, moja ya Kizungu na moja ya Kiswahili, na kila anayeingia lazima ataje saa ya kufika kwake kwa zote mbili. Halafu tukawa tunapigiana simu, mmoja yuko barazani na mwingine uani, kwa sababu kwenye simu huoni mdomo wa mtu. Na sentensi aliyotulazimisha kuisema kila siku, hata kama umesikia, ni ile ile niliyoshindwa mimi: "Sorry, can you say that again, please?" Alikuwa anasema, mficha uchi hazai, na mficha ujinga hajifunzi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini sisi tumetoka sekondari hatujui kitu. Alifundisha miaka mingi, anakumbuka. Akasema msijilaumu sana. Shule za serikali zinafundisha msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, halafu mtoto anaingia kidato cha kwanza na ghafla hesabu, jiografia, baiolojia, vyote Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha shule zetu, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawaielewi lugha wanayofundishiwa. Ripoti ikatoka, na Kiingereza kikabaki pale pale kuwa lugha ya kufundishia. "Mlikuwa mnanakili ubaoni," akasema, "na kunakili si kusoma." Sijui kama naweza kukueleza jinsi maneno yale yalivyonitua mzigo. Miaka yote nilijua mimi ndiye mjinga.

NILIMWONEA AIBU

Lakini nikiri na ubaya wangu. Mwezi wa pili nilimpeleka rafiki yangu mmoja, mtoto wa mjini, amesoma shule za kulipia. Tulipotoka akaangua kicheko. "Huyo ndiye ticha wako? Kiingereza chake si cha kijijini kabisa!" Kweli, mwalimu ana lafudhi ya Kiswahili, hasemi kwa pua. Basi nami nikaanza kumwona hafai. Wiki mbili sikwenda. Nikamsema kwa watu kwamba ni mama wa zamani zamani.

Kilichonirudisha ni kazi ya kushika zamu niliyopata kwa bahati, gesti moja ndogo Kariakoo. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wanaokuja kufuata mzigo, Wazambia, Wamalawi na wengine wa huko. Hao kwangu ndio Kiingereza cha kila siku. Na hakuna hata mmoja anayeongea kwa pua! Mzambia ana lafudhi yake, Mmalawi ana yake, mimi nina yangu, na tunaelewana: chumba shilingi ngapi, maji ya moto yapo, gari la mzigo linakuja saa ngapi. Nikawaza, kumbe Kiingereza chenyewe ni cha watu wote hawa. Mwalimu wangu amenipa kinacholipa, mimi nilikuwa nalilia kinachong'aa.

Lafudhi si kwamba haina maana kabisa. Neno ukiliweka mkazo pasipo pake mtu anaweza asikuelewe. Sisi Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunalichukua neno kama "comfortable" tunaliegemea kwenye "ta", wakati wenyewe wanaliegemea mwanzoni. Hilo mwalimu alitusahihisha. Lakini kueleweka ni kitu kimoja, kujifanya umezaliwa London ni kitu kingine.

Nikarudi Keko na kilo moja ya sukari. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Umefika saa ngapi?" Nikataja kwa saa zote mbili. Akacheka, akanionyesha kigoda. Yakaishia hapo.

KABLA HUJATOA HELA

Sasa wewe unayetaka kuanza, ngoja nikupe yangu kwa ufupi, maana hela zangu zimeshakulipia somo.

Mosi, jiulize unataka Kiingereza cha nini. Kama mwalimu naye hakuulizi swali hilo siku ya kwanza, huyo anauza nguo saizi moja kwa watu wote.

Pili, omba ukae kipindi kimoja kabla hujalipa. Usisikilize Kiingereza cha mwalimu, hesabu dakika. Nani anaongea zaidi, yeye au wanafunzi? Ukitoka hapo hujafungua mdomo, usirudi.

Tatu, fanya kosa makusudi uone anavyokusahihisha. Akikucheka au akikuaibisha mbele za watu, ondoka. Sisi watu wazima aibu inatufunga mdomo kuliko watoto.

Nne, muulize jambo gumu. Mama wa Keko siku nyingine nilimuuliza neno akasema, "Hilo silijui, lete kamusi tuliangalie." Mwalimu anayejua kila kitu muogope.

Tano, muulize anakutoa ngazi gani kukupeleka ngazi gani, na kwa saa ngapi za kufundishwa. Anayetaja siku bila kutaja saa, mwachie nguzo yake.

Na sita, lipa mwezi mmoja mmoja.

Utaniuliza, ile kazi ya hoteli je? Baada ya miezi minane niliomba hoteli nyingine. Simu ikalia, ung'eng'e ukamwagika, moyo ukadunda vile vile, nisikudanganye. Nikasikia "half past nine". Nikameza mate nikasema, "Sorry, can you say that again, please? Half past nine in the morning?" Dada wa watu akasema ndiyo, tena akanishukuru kwa kuhakikisha. Saa tatu u robo nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti. Nikahojiwa robo saa nzima kwa Kiingereza, nikajibu, na pale nilipokwama nikasema sijaelewa.

Kazi yenyewe sikupata. Walimchukua mwenye uzoefu zaidi. Lakini safari hii nilirudi Mtoni viatu viko miguuni.

Mama akaniuliza vipi. Nikamwambia nimekosa, ila nimeongea. Akanyamaza kidogo, huku anageuza vitumbua. Halafu akauliza, "Huyo mwalimu wako wa Keko, wazee wa miaka hamsini na tano anawachukua?"

Nikamwambia mama, anachukua. Na swali la kwanza atakalokuuliza, jibu lake uwe nalo kabisa.

Basi mpenzi msomaji, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na saa ya kukutana ni yetu, ya Kiswahili. Alamsiki.